Silikanti, kamongo na sisi: nani binamu wa nani?

Mwezi wa Aprili 2001, meli ya uvuvi iliyokuwa ikikokota wavu katika maji ya Malindi ilipandisha samaki asiyefanana na wenzake. Alikuwa na urefu wa karibu mita 1.7 na uzito wa kilo 77. Magamba yake yalikuwa magumu kama vigae, na mapezi yake yalikuwa na nyama na mifupa ndani, mithili ya mikono mifupi. Samaki huyo akafika mikononi mwa wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2002 Luc De Vos na Dalmas Oyugi wakachapisha taarifa kwamba silikanti amepatikana Kenya kwa mara ya kwanza.

Wasomaji wangu mmezoea kusoma hapa habari za programu, hifadhidata na simu. Leo nawaomba tuende baharini kidogo, halafu turudi kwenye kompyuta kwa njia ya kuzunguka. Kwa sababu swali ambalo samaki huyu amelizua, yaani ni nani kati ya samaki aliye karibu zaidi na ukoo wetu sisi wenye miguu, halikujibiwa na wavuvi peke yao, wala wachimba mawe peke yao, wala wasoma jeni peke yao. Lilijibiwa pale mbinu hizo zilipowekwa meza moja. Na ni mbinu hiyo hiyo inayotumika leo kurudi nyuma hadi kwenye uhai wa mwanzo kabisa hapa duniani.

Haya, tuanze.

SAMAKI ALIYEJULIKANA KWA JIWE

Mwaka 1839 mtaalamu wa visukuku Louis Agassiz alimpa jina samaki wa zamani aliyemkuta kwenye mawe ya Uingereza: Coelacanthus. Maana yake ni "mwiba wenye tundu", kwa kuwa miiba ya mapezi yake ilikuwa na uwazi ndani. Baadaye ndugu zake wengi walipatikana kwenye miamba ya sehemu nyingi za dunia. Wa zamani kabisa wana umri wa kama miaka milioni 410. Kisha, kwenye miamba ya kama miaka milioni 66 iliyopita, wakati ule ule madinosaria walipotoweka, silikanti nao wanakatika. Hakuna jiwe la baadaye lenye silikanti. Hitimisho lilikuwa rahisi: wamekwisha.

Tarehe 22 Desemba 1938 nahodha Hendrik Goosen alileta shehena ya samaki kwenye bandari ya East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho madogo ya mji huo, akaona pezi la buluu likichomoza kwenye rundo. Alichora picha akamtumia J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki, ambaye mwaka 1939 alimpa samaki huyo jina la Latimeria chalumnae kwa heshima ya bibi huyo na mto Chalumna. Kwa wataalamu ilikuwa kama mtu aliyezikwa zamani kuingia mlangoni akitoa salamu.

Smith alitaka wa pili. Alichapisha karatasi yenye picha na ahadi ya zawadi ya pauni 100, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Lugha za wavuvi wenyewe wa pwani hii, Kiswahili na Kikomoro, hazikuwamo. Karatasi hizo zilisambazwa Komoro na Eric Hunt, nahodha aliyekuwa akifanya biashara kati ya Zanzibar na visiwa hivyo. Desemba 1952 mvuvi wa Anjouan, Ahamadi Abdallah, akavua samaki mmoja, na mwalimu wa shule aliyeiona ile karatasi akamtambua.

Hapa kuna jambo nataka tulizingatie. Wakomoro walikuwa na jina la samaki huyu siku nyingi: gombessa. Walimvua mara moja moja kwa mshipi mrefu, usiku, kwenye kina. Kwa hiyo "aliyefufuka" alifufuka kwenye vitabu tu. Kwa wavuvi hakuwahi kufa.

KUSINI KIDOGO YA VANGA

Baada ya Malindi, zamu ikawa ya Tanzania. Mwaka 2003 silikanti alivuliwa eneo la Songo Mnara, Kilwa. Kuanzia 2004 wakaanza kupatikana Tanga, hasa karibu na Kigombe na Mwarongo, tena si mmoja wala wawili. Wengi walinaswa na jarife, zile nyavu kubwa zinazotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa.

Kwa msomaji asiyeijua jiografia yetu: mwambao wa kusini wa Kenya unashuka kutoka Likoni, Tiwi, Diani, Gazi, Msambweni, Shimoni, hadi Vanga, halafu ni mpaka. Kutoka Vanga hadi Kigombe kwa njia ya bahari haifiki kilomita 100. Wavuvi wa pande zote mbili wanajuana, wanaoleana, na wanatumia majina yale yale ya pepo na ya samaki. Kwa hiyo habari za Tanga ni habari za jirani wa mlango wa pili.

Mwaka 2011 kikundi cha Masato Nikaido na Norihiro Okada, kutoka Japani, pamoja na watafiti wa taasisi ya uvuvi ya Tanzania, TAFIRI, akiwemo Benjamin Ngatunga, kilichapisha matokeo ya kusoma DNA ya mitokondria ya silikanti wa Tanzania na wa Komoro. Mitokondria ni vijinu vidogo vya nishati ndani ya seli, vyenye DNA yao wenyewe ambayo hurithiwa kwa mama. Walichokuta ni kwamba silikanti wa kaskazini mwa Tanzania, yaani hawa wa Tanga, ni kundi la peke yake. Walitengana na wenzao wa Komoro na wa kusini mwa Tanzania angalau miaka 200,000 iliyopita.

Ili kuelewa ukubwa wa nambari hiyo, tazama yale majabali ya matumbawe unayoyaona ufukweni Diani na Msambweni, yaliyotobolewa na mawimbi. Hayo ni miamba ya matumbawe iliyokuwa hai wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo, kama miaka 125,000 iliyopita. Maana yake, silikanti wa Tanga walishaachana na wa Komoro kabla jabali la Diani halijajengwa.

Sasa swali la mtu wa kompyuta: wanajuaje? Hakuna samaki aliyeandika tarehe popote.

KULINGANISHA HERUFI

DNA ni maandishi ya herufi nne: A, C, G na T. Kila kizazi hunakili maandishi hayo, na kila unakili huacha makosa machache. Makosa hayo yanarithiwa. Kwa hiyo ukichukua jeni moja kutoka kwa viumbe wawili na kuhesabu herufi zinazotofautiana, unapata kipimo cha muda tangu walipoachana. Kwa sisi waandishi wa programu hili ni jambo la kila siku: ni kama kuwa na nakala mbili za faili moja zilizohaririwa na watu tofauti, bila kumbukumbu ya mabadiliko, na kuambiwa uikisie ile ya asili.

Mfano wa karibu zaidi ni lugha zetu. Mswahili anasema "maji" na "jina". Mdigo, Mduruma na Mgiriama wanasema "madzi" na "dzina". Si sadfa: palipo na j upande mmoja, pana dz upande mwingine, neno baada ya neno. Hivyo unajua kwamba lugha hizi zina asili moja, na unaweza kuanza kuchora mti wa ukoo wake. Lakini kuna mtego. "Meza" iko kila mahali, na ilitoka kwa Wareno. Ukiihesabu kama urithi, mti wako utapinda. Ukumbuke mtego huu, tutakutana nao mbele.

Aliyeleta kompyuta kwenye kazi hii ni Margaret Dayhoff wa Marekani. Mwaka 1962, akiwa na Robert Ledley, aliandika programu kwa lugha ya Fortran, kwa mashine ya IBM 7090, ya kuunganisha vipande vya protini vilivyosomwa maabara. Mwaka 1965 akachapisha kitabu kilichokusanya protini zote zilizokuwa zimesomwa hadi wakati huo. Zilikuwa 65 tu. Ile kawaida ya kuandika kila asidi amino kwa herufi moja ni yake, na sababu ilikuwa ya kiprogramu kabisa: kupunguza ukubwa wa data. Mwaka 1970 Saul Needleman na Christian Wunsch wakatoa algorithimu ya kupanga mifuatano miwili sambamba, herufi kwa herufi, pamoja na mapengo. Aliyesoma sayansi ya kompyuta atakumbuka darasa la upangaji wa hatua kwa hatua kwenye jedwali. Mfano wa kitabuni mara nyingi ni huo huo.

Kupanga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutafuta mti, na hapo ndipo hesabu inapokuwa kubwa. Kwa viumbe 10, miti inayowezekana bila kuonyesha shina ni 2,027,025. Kwa viumbe 20, ni zaidi ya 200,000,000,000,000,000,000. Hakuna kompyuta itakayoipitia yote. Ndiyo maana programu za kazi hii hutumia njia za mkato: huanza na mti wowote, hung'oa tawi, hulipandikiza pengine, na kuona kama mti mpya unaeleza data vizuri zaidi.

SAA ISIYO NA TAREHE

Mwaka 1962 Emile Zuckerkandl na Linus Pauling waligundua kwamba tofauti katika himoglobini ya wanyama mbalimbali zinaongezeka kwa mwendo unaokaribia kuwa sawa kadiri wanyama hao walivyoachana zamani. Hiyo ndiyo wanaita saa ya molekuli. Wazo tamu, lakini saa hii ina kasoro mbili.

Ya kwanza, haina tarehe. Inakwambia tu kwamba A na B wametofautiana mara mbili ya C na D. Je, ni miaka milioni 10 au 100? Saa haijui. Ya pili, haiendi mwendo mmoja. Panya huzaa kila baada ya miezi. Silikanti, kwa mujibu wa utafiti wa 2021 uliohesabu miduara kwenye magamba yake, anaweza kuishi karibu miaka 100, hukomaa akiwa amepita miaka 40, na hubeba mimba kama miaka mitano. Huwezi kutarajia saa zao zilie pamoja.

Hapa ndipo mawe yanapoingia. Kisukuku kina kitu ambacho DNA haina: mahali pake ndani ya tabaka la mwamba, na mwamba unaweza kupimwa umri. Njia inayotegemewa zaidi hutumia punje za madini ya zirkoni ndani ya majivu ya volkeno. Zirkoni inapoganda hukubali uranium na kuikataa risasi. Uranium-238 hugeuka kuwa risasi kwa mwendo unaojulikana: nusu yake huisha kila miaka bilioni 4.47. Pima risasi iliyomo, umepata umri wa jivu. Kisukuku kilichoko kati ya majivu mawili kina umri ulio kati ya majivu hayo.

Watu wa Kwale wanaijua zirkoni kwa sababu nyingine. Kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024 kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga mzito wa kaunti yetu, ikitoa ilmenaiti, rutaili na zirkoni, na kusafirisha kwa meli kutoka Likoni. Hizo punje za Kwale zilishasombwa na maji kutoka miamba ya kwanza, kwa hiyo zina umri wa miamba hiyo na si wa mchanga wenyewe. Lakini madini ni yale yale. Yaliyokwenda kwenye viwanda vya vigae ndiyo yanayoendesha saa ya dunia.

Na visukuku tunavyo. Panda barabara ya Nairobi ufike Maji ya Chumvi: miamba ya hapo, yenye umri wa kama miaka milioni 250, ina mabaki ya samaki. Kwenye mawe ya mchanga ya Mazeras, ambayo pia yamo kwenye vilima vya Shimba, kuna magogo yaliyogeuka jiwe. Nchi hii ya Duruma ilikuwa mito na maziwa kabla Bahari Hindi haijakuwepo.

Tahadhari moja. Kisukuku ni kama cheti cha kuzaliwa kilichochukuliwa kwa kuchelewa: kinathibitisha kwamba mtu alikuwepo tarehe ile, hakithibitishi kwamba hakuwepo kabla yake. Kwa hiyo wataalamu hukitumia kuweka umri wa chini wa tawi, na kuiacha DNA ikadirie ni kiasi gani cha kurudi nyuma zaidi. Kila upande unaziba pengo la mwenzake.

NANI BINAMU?

Sasa turudi kwenye swali letu. Wanyama wote wenye miguu minne, yaani vyura, mijusi, ndege, ng'ombe na sisi, tumetokana na samaki wenye mapezi ya nyama. Visukuku vinasimulia hatua hizo vizuri. Kilichosifika zaidi ni Tiktaalik, kilichotangazwa mwaka 2006 na Neil Shubin na wenzake baada ya kuchimba kaskazini ya mbali ya Kanada. Uzuri wa habari hiyo ni kwamba hawakubahatisha. Walijua samaki wa kabla walikuwa wa lini, na wenye miguu wa baadaye walikuwa wa lini, kwa hiyo wakatafuta miamba ya kama miaka milioni 375 iliyotokana na mito. Wakachimba hapo, wakamkuta: ana magamba, ana shingo, ana kifundo cha mkono ndani ya pezi.

Samaki wenye mapezi ya nyama walioishi hadi leo ni wa aina mbili tu: silikanti, na samaki wenye mapafu, ambao watu wa Ziwa Viktoria wanawaita kamongo. Yupi aliye karibu nasi? Kuna majibu matatu tu: silikanti yuko karibu zaidi, kamongo yuko karibu zaidi, au wao wawili ni ndugu na sisi tuko kando. Miti mitatu, si mamilioni. Mbona ilichukua miaka mingi?

Tatizo ni kwamba koo hizi tatu ziliachana zamani sana, zaidi ya miaka milioni 400, na ziliachana kwa kufuatana haraka. Makosa ya herufi yaliyotokea katika kipindi kile kifupi kati ya kuachana kwa kwanza na kwa pili ndiyo ushahidi pekee tulio nao. Halafu juu yake yamerundikana mamia ya mamilioni ya miaka ya makosa mengine. Na kwa kuwa herufi ni nne tu, herufi iliyobadilika A kuwa G inaweza kurudi tena A, ikafuta nyayo zake. Mtu wa mawasiliano angesema ishara ni ndogo na kelele ni kubwa. Tangu 1990 tafiti za mitokondria zilikuwa zikielekeza kwa kamongo, lakini kwa jeni chache kama hizo mabishano hayakwisha.

Dawa ya kelele ni data zaidi. Tarehe 18 Aprili 2013 jarida la Nature lilichapisha jenomu nzima ya silikanti, yaani maandishi yake yote ya DNA, kazi iliyoongozwa na Chris Amemiya, Jessica Alföldi na Kerstin Lindblad-Toh. Samaki aliyesomwa alitoka Komoro. Jenomu hiyo ina herufi bilioni 2.86, karibu sawa na yetu. Ukiiandika kwa biti mbili kwa herufi, inaingia kwenye CD moja ya kawaida. Watafiti walichagua jeni 251 zinazopatikana kwa viumbe 22 bila kujirudufu, wakazipanga, wakajenga mti. Jibu: kamongo ndiye binamu wa karibu. Silikanti ni wa mbali kidogo.

Kwa kamongo yenyewe hawakutumia jenomu nzima wakati huo, kwa sababu ilikuwa kubwa mno. Ilikuja kusomwa baadaye: mwaka 2021 jenomu za kamongo wa Australia na wa Afrika, kila moja ikiwa na herufi kama bilioni 40, na mwaka 2024 ya yule wa Amerika ya Kusini, yenye herufi bilioni 91. Hiyo ya mwisho inataka zaidi ya CD 30. Sehemu kubwa ni vipande vinavyojinakili vyenyewe, kama msimbo ulionakiliwa na kubandikwa na mtu asiyejua kutengeneza fanksheni. Jenomu hizi zimelithibitisha jibu la 2013.

Lakini silikanti hakutoka mikono mitupu. Ndani ya jenomu yake kuna kipande kinachofanya kazi ya swichi, karibu na jeni za Hox zinazopanga viungo vya mwili. Kipande hicho kimo kwetu pia, ila hakimo kwa samaki wa kawaida kama changu au tasi. Watafiti waliiweka swichi ya silikanti ndani ya kiinitete cha panya, na ikawaka mahali miguu inapochipua. Samaki asiyewahi kutembea ana swichi inayofahamika na mguu wa panya. Ina maana sehemu ya programu ya mguu iliandikwa majini, kabla ya mguu wenyewe.

HILO JINA "KISUKUKU HAI"

Magazeti yanapenda kumwita silikanti "kisukuku hai", na jina hilo linapotosha. Ni kweli utafiti wa 2013 ulionyesha kwamba jeni zake zinazotengeneza protini zinabadilika polepole kuliko za wanyama wenye miguu. Lakini polepole si kusimama. Karibu robo ya jenomu yake ni vipande vinavyohamahama, na vingine vimekuwa na harakati hadi siku za karibuni. Mwaka huo huo Didier Casane na Patrick Laurenti waliandika makala kulipinga jina hilo moja kwa moja, wakikumbusha kwamba hakuna hata kisukuku kimoja cha jenasi ya Latimeria yenyewe.

Visukuku navyo vinakataa. Kulikuwa na silikanti wa maji baridi, silikanti wakubwa kupita mtu, na Rebellatrix wa Kanada, aliyetangazwa mwaka 2012, mwenye mkia wa panda kama jodari, mkimbiaji hasa. Mwaka 2024 ukaongezeka Ngamugawi wa Australia, wa enzi ya Devoni. Waliomchunguza waliona kwamba mwendo wa kubadilika kwa silikanti uliongezeka nyakati ambazo mabamba ya ardhi yalikuwa na misukosuko zaidi. Hata yule wa Indonesia, aliyejulikana mwaka 1998 na kupewa jina la Latimeria menadoensis mwaka 1999, anatazamika sawa na wetu, lakini DNA inasema wameachana kwa mamilioni ya miaka. Macho yanasema "hajabadilika". Herufi zinasema vingine.

NYUMA ZAIDI

Mbinu hii ikishakubalika kwa samaki, hakuna sababu ya kusimama hapo. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walilinganisha RNA ya ribosomu, mashine ambayo kila kiumbe hai anayo, na kugundua kundi zima la viumbe vidogo ambalo watu walikuwa wakilichanganya na bakteria. Leo tunaliita akea. Huko nyuma kwa bakteria na akea visukuku ni haba sana: mabaki ya tando za vijidudu kwenye mawe ya Australia Magharibi, yenye umri wa karibu miaka bilioni 3.5, ni miongoni mwa ya kale yanayokubalika.

Mwaka 2024 kikundi cha Chuo Kikuu cha Bristol kilichoongozwa na Edmund Moody kilikadiria umri wa babu wa mwisho wa viumbe vyote, anayeitwa kwa kifupi LUCA. Walitumia jeni zilizojirudufu kabla ya LUCA, hivyo kila kiumbe ana nakala mbili, na kisukuku kimoja kinaweza kuisahihisha saa mara mbili. Jibu lao ni kama miaka bilioni 4.2. Jenomu yake waliikadiria kuwa na herufi kama milioni 2.5, zenye protini kama 2,600. Si kiumbe duni hata kidogo.

Na ule mtego wa "meza"? Bakteria huazimana jeni kwa upande, si kwa mzazi na mwana tu. Ilibidi watafiti wajenge mti wa kila jeni peke yake, kisha waulinganishe na mti wa viumbe, ili watenganishe urithi na uazimaji. Ni kazi ile ile ya mwanaisimu anayetoa maneno ya Kireno na Kiarabu kabla ya kumlinganisha Mdigo na Mswahili.

KINACHOWEZA KUPOTEA

Silikanti wa magharibi mwa Bahari Hindi yuko kwenye orodha ya viumbe walio hatarini zaidi kutoweka. Mwaka 2009 Tanzania ilitangaza hifadhi ya bahari ya silikanti Tanga. Ni hatua kubwa, lakini jarife halisomi matangazo. Mvuvi wa Kigombe au wa Vanga hatafuti silikanti, nyama yake haina soko la maana. Anatafuta papa, na silikanti ananaswa kwa bahati mbaya, anapandishwa kutoka kina cha mita 100 au zaidi, na hafiki juu akiwa na nguvu za kurudi. Kwa mnyama anayeanza kuzaa baada ya miaka 40, kila jike anayenaswa ni hasara ya vizazi. Na kundi la Tanga lina historia ya peke yake ya miaka 200,000 ambayo haimo kwenye jenomu ya yule samaki mmoja wa Komoro.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni mawili, nayo ni ya kawaida. Kwanza, wavuvi wa Msambweni, Shimoni na Vanga waelezwe kwa lugha yao, kwa picha, samaki huyu ni nani na wampigie simu nani wakimpata. Kosa la ile karatasi ya lugha tatu lisirudiwe. KMFRI wako Mombasa na wana kituo Gazi, si mbali. Pili, vijana wetu wa kompyuta wasidhani kazi hii ni ya Boston na Tokyo peke yake. Jenomu ya silikanti iko wazi kwenye hifadhidata za umma, bila malipo, na programu za kuisoma ni za bure pia. Mwanafunzi wa Ukunda mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kupakua jeni moja ya silikanti, moja ya kamongo na moja ya binadamu, akazipanga, akajionea mti wenyewe.

Makala ijayo, inshallah, tutaandika pamoja programu fupi ya Needleman na Wunsch. Tutaanza na "maji" na "madzi", tukishaelewa tutapandisha hadi kwa samaki.